Kesho Mchungaji Atapiga Hodi

Mwanangu Sidi,

Ukirudi kutoka kusukwa utashangaa kukuta cherehani imenyamaza mchana kutwa na sare za watu bado zimelala mezani, hazina vifungo wala mifuko. Usianze kuniuliza kama naumwa. Siumwi. Nimeketi kwenye kiti changu cha kushonea, mlango nimeuacha wazi upepo uingie, na ninaandika. Baba yako ameniona na kalamu akacheka. "Mama Sidi, leo unamshonea nani barua?" Kisha akaondoka kwenda zamu yake Changamwe bila kungoja jibu, maana jibu analijua.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kufunga mlango, wala za wavulana. Hayo umeyasikia kwangu tangu siku ulipoitwa chuoni, na shangazi yako wa Junda atakuongezea kesho asubuhi hata usipomwomba. Una miaka kumi na tisa na unakwenda kusomea uuguzi. Mtu atakayefundishwa kumchoma mwenzake sindano hahitaji mama wa kumkumbusha kufua soksi.

Nakuandikia kwa sababu ya bahasha.

Nimeikuta leo asubuhi katika kile kikapu cha makaratasi ya kuwashia jiko. Nilikuwa nimekwisha kuikunja, kibiriti ki mkononi, ndipo nikauona mwandiko wa Mchungaji Wekesa. Ni ile barua ya kukutambulisha kwa kanisa la huko Kitale, ambayo kila mshirika wetu anayehama hupewa. Baba yako alikuletea Jumapili, ukaipokea kwa mikono miwili, ukasema asante, nami nikajiambia, haya, angalau ameipokea. Kumbe uliipeleka jikoni moja kwa moja.

Sikukasirika. Mimi ningekuwa wewe ningeiwasha siku ileile, nisingeiweka kikapuni ingoje zamu. Lakini nilipokuwa nimeishika niliona aibu, na aibu hiyo ni yangu, si yako. Kuna jambo la mazishi ya babu yako ambalo hulijui mpaka leo. Miaka minne umemkasirikia mchungaji ukiwa na nusu ya habari, na nusu ya pili niliikalia mimi.

Wacha nianze na unayoyajua. Babu yako, Mzee Charo, alibatizwa meno yakiwa yamekwisha kumtoka. Alimpenda Mchungaji Wekesa kuliko alivyolipenda kanisa lenyewe. Kila alipokuja kwetu Utange kutibiwa macho alitaka kwanza apelekwe kwa mchungaji, nawe ndiye uliyekuwa ukimshika mkono. Wanakaa kwenye lile benchi la nje, mmoja anaongea Kiswahili chake cha bara, mwingine nusu Kiswahili nusu Kigiriama, na wanachekeshana hadi mwangalizi wa kanisa anakuja kutazama kuna nini. Ukirudi nyumbani unaniambia, "Mama, babu na mchungaji ni marafiki kweli." Ulikuwa unalisema hilo kwa fahari.

Alipolazwa mara ya mwisho aliniita. "Dama."

"Abee, baba."

"Nikienda, msinizike kimya kama mtu aliyeiba kuku. Nipigieni kayamba. Na mchungaji wangu aniombee."

Alitaka vyote viwili. Nikamwambia, vyote viwili utavipata, baba. Niliahidi kwa urahisi, kama ninavyowaahidi wateja kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa.

Unalijua kanisa letu. Ngoma ya kayamba usiku wa matanga, na tembo la mnazi kumwagwa kaburini kuwaita koma, wazee wetu waliotangulia, ni mambo ambayo mtu hutengwa kwa ajili yake. Na mimi nilikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama. Mchungaji alinijia siku mbili kabla hatujaupeleka mwili Ganze, akaniuliza waziwazi, "Mama Sidi, huko nyumbani kutakuwa na mambo ya mila? Niambie tu, nijue namna ya kuja." Zingatia alivyosema. Hakusema hatakuja. Alisema ajue namna ya kuja. Leo naamini angekaa na mjomba wako Kahindi wakapanga, huyu saa zake na yule saa zake, maana alimpenda marehemu. Lakini mimi nilimtazama usoni nikamjibu, "Hakuna, Mchungaji. Kwetu tumeyaacha hayo zamani."

Kisha nikampigia simu mjomba wako, ndugu yangu wa tumbo moja, nikamwambia, "Pigeni kayamba msiogope. Mchungaji anajua na amekubali."

Basi nikapanga kama ninavyokata kitambaa. Kayamba liishe alfajiri. Uwanja ufagiliwe. Mtungi wa mnazi uingie ghalani. Mchungaji afike saa nne, akute watu wametulia na nyimbo za kitabuni. Nilijiona hodari sana.

Akafika kabla ya saa moja. Baadaye nilijua kwa nini: alipanda gari la kwanza ili aje kukaa nasi mapema, ashike koleo na vijana, asije kama mgeni wa heshima. Alikuta wanawake wa kwetu bado wako katika duara, kayamba linalia, na mjomba wako amesimama ukingoni mwa kaburi na kifuu cha mnazi, anawaita babu zetu kwa majina.

Wewe ulikuwa unatoka kisimani na ndoo. Ulichokiona ni mchungaji kusimama katikati ya uwanja na kusema mbele ya watu wote, "Mazishi haya mimi siyaongozi." Ulichokiona ni mgongo wake. Ulitua ndoo ukamkimbilia, ukashika joho lake kwa nyuma, joho nililolishona mimi kwa mikono hii. "Mchungaji, tafadhali. Babu ni rafiki yako. Mchungaji." Upindo ukafumuka mkononi mwako. Hakugeuka. Akapanda bodaboda na joho linaburuta nyuzi, nawe ukabaki njiani.

Baba yako ndiye aliyeshika kitabu cha ibada siku ile, sauti ikamkatikia njiani, ukakichukua wewe ukamaliza. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Sijawahi kukwambia, basi nakwambia leo: babu yako alizikwa vizuri, na aliyemzika vizuri ni wewe.

Sasa nusu ya pili. Kabla mchungaji hajasema neno lolote mbele ya watu, alikuja kwangu kando ya tangi la maji. Aliniuliza polepole, hata shangazi yako aliyekuwa hatua tatu hakusikia, "Mama Sidi, ulijua?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Ndogo, lakini ilikuwepo. Nikasema, "Mchungaji, haya ni ya wazee. Mimi hata sijui yameanzaje," nikanyoosha mkono kumwonyesha ndugu yangu.

Kahindi, ambaye huwa hasikii akiitwa kulipa nauli, hilo alilisikia. Akaja na kifuu chake. "Hujui? Dama, si wewe uliyetwambia mchungaji amekubali?"

Mchungaji alinitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena. Uso wake ulibadilika hapo, Sidi. Kayamba alikuwa amelisikia tangu njiani na alikuwa bado anaingia. Kilichomtoa uwanjani ni mimi.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii ili kumsafisha. Alikosa. Mtu akidanganywa na mzima hana haki ya kumwachia marehemu hasira yake, wala mtoto anayelia nyuma yake. Angeweza kunitia aibu mimi mbele ya ukoo mzima, nilistahili, kisha akavaa uso wa kazi akamzika rafiki yake. Hakufanya hivyo. Alikimbia. Ulimwona akikimbia na ulikuwa sahihi kuumia.

Lakini kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, nalo nililifanya hapa nyumbani, taratibu, mbele ya macho yako. Tuliporudi Utange akina mama walikuja makundi makundi na sukari na unga. "Pole, Mama Sidi, umeonewa." Na mimi nikaonewa vizuri sana. Nilisimulia habari ile mara ngapi? Wewe ulikuwa umekaa palepale kwenye mkeka, unachambua mawe kwenye maharagwe, unasikiliza. Kila mara nilieleza bodaboda, nikaeleza joho, nikaeleza ulivyobaki njiani, na kila mara nikaruka pale kwenye tangi la maji. Ukaacha kwenda kanisani. Watu wakiniuliza nasema, "Mtoto ameumia," nao wananihurumia zaidi. Nilikula huruma ya watu kwa jina lako. Katika yote niliyowahi kuyafanya, hilo ndilo linaloniuma.

Wiki ya tatu mchungaji akaja. Unakumbuka, kwa sababu uliiacha sufuria jikoni. Alisema hodi, nikaitikia karibu kwa mazoea tu, na wewe uliposikia sauti yake ulitoka kwa mlango wa nyuma. Alikaa pale kwenye kiti cha wateja, mfuko wa plastiki magotini, tukatazamana. Jambo la kwanza alilosema ni, "Mama Sidi, kuna kitu kinaungua." Yalikuwa maharagwe yako.

Niliporudi kutoka jikoni alisema, "Nimekuja kusema nimekosa. Nilimwacha rafiki yangu juu ya udongo na mjukuu wake analia. Wazee wa kanisa nimewaambia hivyohivyo." Nikangoja aongeze, na wewe je. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Hakuongeza. Alikunywa chai ikaisha, akasema, "Hayo mengine ni yako. Utayasema utakapoweza." Akauliza kama angeweza kukuona. Nikamwambia umetoka. Akaacha mfuko, ndani yake joho lenye upindo uliofumuka, akaomba nilishone.

Unajua nilifanya nini? Nililisukuma chini ya vitambaa vya sare, nikalikalia miezi miwili. Miezi miwili mchungaji aliongoza ibada na shati jeupe, na washirika wakasema mchungaji wetu siku hizi mnyenyekevu kweli, ameacha hata joho. Kumbe ni fundi amenuna. Mwishowe baba yako alilitoa mwenyewe akaniwekea kwenye cherehani. "Hili joho lilikukosea nini?" Basi nikachomoa nyuzi zilizokatika, zile ulizozikata wewe kwa mkono wako, nikalipinda upya. Nilikuwa nalia na kushona kwa pamoja, na mshono ukaenda upande, nikaufumua nikaanza tena. Nilipomaliza sikuwa na hasira naye. Iliyobaki yote ilikuwa juu yangu mwenyewe, na hiyo sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Kuna mtu wa Ganze aliyeleta maneno kanisani baadaye, wazee wakataka kunivua uenyekiti. Mchungaji aliwaambia, "Mambo yangu na Mama Sidi tumeachiana wenyewe." Hakudanganya, wala hakulitaja kosa langu. Amenipa muda miaka minne, na mimi nimeutumia muda ule kuketi kwenye kiti cha mbele.

Babu alipotimiza mwaka, wewe uko bwenini, mchungaji alikwenda Ganze peke yake. Habari hii nimeipata kwa mjomba wako. Alivaa joho juani, akasimama kaburini akaomba ile ibada yote aliyoiacha, tangu mwanzo, hakuna anayemwitikia ila Kahindi. Walipomaliza mjomba wako, kwa ule utundu wake, akamletea mnazi. Mchungaji akasema, "Mimi nipe maji, lakini kaa nami." Wakakaa hadi mchana. Mjomba wako alinipigia jioni akaniambia, "Mchungaji wenu mgumu huyo. Lakini anarudi."

Nimelifikiria sana neno hilo. Katika maisha yangu nimeona wachungaji wanne katika kanisa letu, na wote wanne waliniangusha mahali. Mmoja alikuwa na upendeleo, mmoja alikuwa na ulimi, mmoja alikuwa mvivu hata wa kuzuru wagonjwa. Zamani nilikuwa nawapima kwa kuanguka kwao. Siku hizi natazama kama mtu anarudi pale alipoangukia, kwa miguu yake, bila kuletwa na kamati. Anayerudi naweza kukaa naye. Na nikiwa mkweli, walio wengi tuliwasaidia kuanguka. Tunataka mchungaji asiye na doa, halafu sisi wenyewe tunamficha mtungi ghalani.

Ila nisikilize hapa, kwa sababu unakwenda mbali nami. Kuna makosa ambayo sikuombi uyasamehe kimyakimya. Kiongozi akikugusa pasipo idhini yako, au akikwambia jina la Mungu linataka unyamaze, hapo usianze kutafuta roho ya msamaha. Piga kelele, nenda polisi, kisha nipigie simu nije na mkasi wangu. Msamaha haujawahi kuwa wa kumfichia mtu uovu. Anayekwambia vingine, hata akiwa askofu, anajitetea mwenyewe.

La Mchungaji Wekesa ni jingine. Alikuwa mtu mwenye uchungu, akachagua vibaya kwa dakika tano, na dakika hizo tano wewe ulikuwa umeshika nguo yake.

Bahasha haikuwa imegundishwa. Nimeisoma, nisamehe na hilo pia, liongeze kwenye orodha. Nilidhani nitakuta yale ya kawaida, kwamba mwenye barua hii ni mshirika mwaminifu. Ameandika hivi: "Binti huyu hajaingia kanisani kwetu miaka minne, na sababu ni mimi. Alinihitaji siku ya kumzika babu yake, nikampa mgongo. Alisoma ibada mwenyewe, nami sijasikia mtu aliyeisoma vizuri zaidi. Asipokuja kwako, usimfuate. Akija na maswali magumu, tafadhali usikimbie."

Ukurasa mzima, na jina langu halimo. Niliusoma nimesimama jikoni na kibiriti mkononi, na nikaona siwezi kupitisha siku nyingine.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoyaamua. Jumapili hii nitasimama kwa akina mama na kusema habari za tangi la maji. Wakitaka uenyekiti wauchukue. Kiti chenyewe kimeanza kunichoma. Mjomba wako nimekwisha kumpigia simu mchana huu. Amecheka kwanza, kisha akasema, "Miaka minne, Dama? Ungeumwa na tumbo." Na wewe nakwambia sasa, kwa karatasi, kwa sababu nilijaribu kwa mdomo juzi ulipokuwa ukikunja nguo, nikaishia kukuuliza kama umeweka sweta.

Nisamehe, mwanangu. Sikuhimizi. Najua kumsamehe mchungaji ni kazi, na kumsamehe mama ni kazi nyingine, na nimekupa zote mbili siku moja kabla ya safari. Usinijibu leo. Kitale si mwisho wa dunia, simu unayo, nami nitaipokea hata ukipiga kunigombeza. Sina hofu juu yako. Msichana aliyemaliza ibada ile na machozi yake atamaliza na uuguzi.

Bahasha nimeinyoosha kwa pasi. Iko juu ya begi lako, chini ya kanga mpya, pamoja na barua hii. Ukiamua kuichoma, kikapu unakijua kilipo. Ninachotaka ni uichome ukiwa unajua yote.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi Mchungaji Wekesa atakuja kukuombea safari, kama anavyomfanyia kila anayeondoka. Miaka minne akija na wewe uko ndani, mambo ni yaleyale: anapiga hodi, mimi naitikia, wewe unatoka kwa nyuma. Kesho sitaitikia. Nimemwambia baba yako naye anyamaze. Karibu ya kesho ni yako, uitoe au usiitoe, na hakuna atakayekununia.

Mlango wa nyuma nao nitauacha bila komeo. Lakini unapitia jikoni, na jikoni nitakuwa mimi, nachemsha chai yako. Ukiona huwezi kumkabili yeye, njoo huko. Kama ni hasira, anza na mimi.

Mama yako,
Dama